Barua za babu kutoka Burma: mbona ni salamu tupu?

*"Shikamoo mtaalamu. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles (K.A.R.). Alitoka Songea akiwa kijana, akarudi 1946, na alifariki kabla sijazaliwa. Mwaka jana tulipobomoa nyumba ya zamani tulipata kopo la bati lenye barua 14 alizoandika kutoka vitani, kuanzia Septemba 1943 hadi Februari 1946. Nilidhani nitasoma habari za vita. Badala yake ni salamu, ukurasa mzima wa salamu, halafu ng'ombe, halafu hela, halafu wasalaam. Hakuna bunduki wala Mjapani. Miandiko ni mitatu tofauti, kwa hiyo kaka yangu anasema nyingine si zake. Barua ya kwanza ina matundu mawili ya pembe nne, kama yamekatwa kwa wembe. Kuanzia Juni mpaka Desemba 1944 hakuna barua hata moja, na shangazi, aliyezaliwa 1940 na ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto wake, aliambiwa tangu utotoni kwamba wakati huo baba yake aliwasahau. Tena kuna barua anayosema hela ya kila mwezi ameiandikisha kwa baba yake, si kwa bibi. Hiyo imeleta maneno nyumbani. Nataka kuzifanyia laminesheni zisiharibike. Babu alikuwa anaficha nini? Na je, zina thamani yoyote? Nimekutumia picha za barua ya kwanza, ya tatu na ya sita."*

Marahaba, mjukuu wa Keya.

Nianze na laminesheni kwa sababu hiyo haisubiri: usiende. Sababu nitazieleza huko chini, ila kama ulishapanga safari ya mjini, ghairi.

Sasa turudi kwenye linalokukera. Umefungua kopo ukitarajia vita, umekuta salamu, na kuanzia hapo nyumba nzima imeanza kumhukumu mzee: alificha, alisahau, hakumwamini mkewe, na pengine barua zenyewe si zake. Kazi yangu ni kutunza na kusoma nyaraka za aina hii, na nakuhakikishia kwamba kopo lako halina ajabu. Barua za Keya ndivyo zilivyo. Habari imo, tena imo ndani ya hizo salamu unazoziruka. Ila ili uione, inabidi kwanza ujue barua ilipita mikononi mwa nani.

Wewe ukimtumia mtu ujumbe kwenye simu, mpo wawili. Barua ya babu yako haikuwahi kuwa ya watu wawili hata dakika moja. Hebu ifuate. Ni jioni, kambini Seloni, kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka. Babu amekaa na mwenzake anayejua kuandika. Anatamka, mwenzake anaandika, na wanaosubiri zamu wamekaa palepale wanasikiliza. Ikiisha haifungwi. Inapelekwa wazi kwa ofisa wa kikosi, ambaye anaisoma akiwa na mkasi au wembe karibu, na akiridhika anatia saini kwenye bahasha. Inaweza kufunguliwa tena na wakaguzi wa barua kabla ya kupakiwa melini. Ikifika Tanganyika inakwenda boma, na kutoka boma inabebwa na mtu wa jumbe au yeyote anayerudi upande ule. Inafika nyumbani, na bibi yako, kama wanawake wengi wa wakati wake, hakupelekwa shule. Anaitwa mwalimu au katekista. Anasoma kwa sauti, uani, baba mkwe amekaa, mawifi wamekaa, watoto wamekaa, na jirani aliyesikia kuna barua ya vitani naye amekuja na kigoda chake.

Hesabu masikio hayo. Halafu niambie: mwanamume wa miaka ishirini na ushei angemwandikia mkewe nini mbele ya kadamnasi ile? Angesema anaogopa? Angesema anamkumbuka usiku, baba yake akisikia?

Kwa hiyo ukiniuliza alikuwa anaficha nini, nitakujibu kwamba alikuwa anasema kwa njia iliyokuwepo. Na njia hiyo nitakuonyesha, maana ina kanuni zake.

Kabla ya hapo nimalize la miandiko, maana ndilo jepesi. Askari karibu 87,000 walitoka Tanganyika katika vita ile, na wengi waliandikishwa bila kujua kusoma. Kila kombania ilikuwa na vijana wachache wa shule waliogeuka makarani wa wenzao. Karani akihamishwa, akiugua au akifa, barua zinazofuata zinabadilika mwandiko. Katika picha zako, barua ya tatu na ya sita ni mkono mmoja: herufi zimelala upande wa kulia, nukta ziko mahali pake, hata nafasi ya pambizo imeachwa. Huyo alikaa darasani. Barua ya kwanza ni mkono mwingine kabisa. Lakini angalia namba ya jeshi iliyoandikwa chini ya jina: ni ileile katika zote tatu, herufi na tarakimu zote. Mwambie kaka yako aikague hiyo namba kwenye barua zote 14. Mwandiko wa mtu unaweza kuazimwa. Namba ya jeshi ilikuwa ya mtu mmoja, na mshahara wake uliifuata.

Mwandiko wa tatu sijauona, lakini una jambo la kuangalia. Zipange barua kwa tarehe. Wakati wa vita jeshi la Afrika Mashariki lilianzisha kikosi cha elimu, na walimu wake walifundisha askari kusoma na kuandika kambini. Kama huo mwandiko wa tatu unatokea mwishoni tu, na kama ni mzito, herufi kubwakubwa, mstari unapanda mlima, maneno yameunganishwa pasipopaswa, basi usiudharau kwa ubaya wake. Huenda ndio mkono wa babu mwenyewe, na huenda ndio mara ya kwanza familia yenu iliandika.

Sasa salamu.

Barua ya Kiswahili ina mwili wake, na mwili huo ni wa zamani kuliko Keya. Umetoka pwani, kwenye barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwanza anatajwa anayeandikiwa kwa heshima zake. Halafu mwandishi anatoa hali yake: sijambo, ni mzima wa afya, hofu ni kwenu. Halafu linakuja neno la mpaka, *wabaadu*, au *ama baada ya salamu*, na hapo ndipo shauri linapoanza. Mwishoni kabisa salamu zinarudi, safari hii kwa majina: nisalimie fulani, na fulani, na fulani, na wote wanaoniuliza. Msomaji wa leo anaruka kichwa na mkia na kwenda kwenye wabaadu, kama mtu anayetafuta nyama kwenye mchuzi. Kwa barua ya askari nakushauri ufanye kinyume. Wabaadu ndipo mkaguzi alipokodolea macho zaidi, kwa hiyo ndipo askari alipojibana zaidi. Orodha ya majina mwishoni ilimchosha mkaguzi. Na nyumbani, palepale, kila aliyetajwa alijua ametajwa, na asiyetajwa alijua pia.

Chukua barua yako ya tatu, ya Novemba 1943. Mwishoni anawasalimu "watoto wangu wote watatu, mkubwa na binti yangu na huyu niliyemwacha tumboni". Sasa chukua ya sita, ya Aprili 1944. Anasema: "nisalimieni watoto wangu wawili." Wawili. Panda mistari minne juu, mara tu baada ya wabaadu, kuna sentensi ambayo bila shaka uliipita ukidhani ni maneno ya dini tu: "Maneno yenu yamenifika, kazi ya Mungu haina makosa."

Ndugu yangu, wewe ni Mswahili. Hiyo sentensi tunaisema wapi?

Kati ya Novemba na Aprili ilimfikia barua kutoka nyumbani. Barua hiyo hatunayo, pengine ilibaki kwenye mfuko wake na ikaoza na mvua za huko, lakini tunajua ilisema nini, kwa sababu tuna kivuli chake. Mtoto aliyezaliwa baba yuko safarini alifariki, na babu yako aliambiwa akiwa ng'ambo ya bahari. Kilio chake ni maneno machache aliyomtamkia mwenzake, wengine wanasikiliza, kisha ofisa akayasoma na kutia saini. Inawezekana karani alikosea hesabu, hilo siwezi kulikataa moja kwa moja. Lakini idadi imepungua na maneno ya msiba yameingia katika barua ileile, na mimi siamini kwamba hayo mawili yamekutana kwa bahati.

Na mstari unaofuata ni ule wa ng'ombe uliokuudhi: "Yule ng'ombe mwekundu asiuzwe, maziwa yake ni ya mama yao." Mama yao ni bibi yako. Mwanamume aliye mbali, aliyefiwa na mtoto mchanga asiyewahi kumwona, anatumia mamlaka yale machache aliyobaki nayo kumwambia baba yake, mbele ya wote, kwamba mkewe anywe maziwa na ng'ombe asiguswe. Niliposoma hapo nilisimama nikatoka nje kidogo.

Sasa matundu. Kaka yako asidhani ni adhabu. Ofisa aliyekuta neno lisiloruhusiwa alikuwa na njia mbili: kulipaka wino mzito au kulikata. Yaliyokatazwa yalijulikana: jina la mahali, jina la meli, idadi ya askari, safari ya kwenda wapi na lini. Ndiyo maana kwenye anwani huoni mji, unaona kikosi na namba ya posta ya jeshi basi. Picha yako ya barua ya kwanza inasomeka: "Tulipanda" – tundu – "tukakaa majini siku" – tundu – "na mimi sikutapika." Meli na urefu wa safari vimeondoka, tumbo lake likaachwa. Angalia na kitu kingine, maana huwachanganya wengi: wembe hukata pande zote mbili za karatasi. Ukigeuza nyuma utakuta sentensi mbili zimekatika pasipo sababu. Hizo hazikuwa na kosa lolote.

Huo uangalifu wa meli haukuwa upuuzi. Miezi mitano baadaye, tarehe 12 Februari 1944, meli *Khedive Ismail* iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Japani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Ilikuwa njia ileile aliyopita babu yako.

Tuje kwenye miezi ya ukimya, ambayo nadhani ndiyo iliyomuumiza shangazi maisha yake yote. Bahasha ya barua ya sita inasema 36 K.A.R. Batalioni za Keya zenye namba inayoishia na 6, yaani 6, 26, 36 na 46, zilikuwa za Tanganyika. Hiyo 36 ilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokaa Seloni tangu 1943 ikijifunza vita vya msituni. Katikati ya 1944 divisheni hiyo ilipelekwa Burma, wazee wetu wakaiita Bama, na ikatumwa kumfukuza Mjapani kwenye bonde la Kabaw katika mvua za masika ya Asia. Bonde hilo lilikuwa na sifa mbaya ya malaria na homa ya utitiri wa msituni hata kabla ya vita. Mvua ilipokolea, njia iligeuka tope la magotini. Magari yalizama, askari wakatandika magogo ili jipu zipite. Chakula na risasi zikawa zinadondoshwa na ndege.

Hapo ndipo penye jibu lako. Gunia la unga hushuka kwa mwavuli, lakini barua haipandi kwa mwavuli. Vitu viliweza kumfikia babu yako kutoka juu. Kutoka kwake, vingi vilirudi kwa njia ileile ya tope, nyuma, pamoja na majeruhi, wakati majeruhi wanapata nafasi. Na karatasi yenyewe? Na mahali pakavu pa kuandikia? Na karani wake, yule wa herufi zilizolala, yuko wapi? Barua ya sita huenda ni miongoni mwa za mwisho kuandikwa kabla ya kuvuka kwenda Burma. Kagua kama mkono huo unaonekana tena kuanzia Januari 1945. Ukiwa hauonekani, jiandae.

Tarehe 2 Desemba 1944 divisheni iliingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Siku chache baadaye daraja la vyuma la urefu wa mita 350 hivi lilikuwa limekamilika juu ya mto huo, refu kuliko madaraja yote ya aina yake kwa wakati huo, na divisheni nyingine zikapita mbele. Waafrika Mashariki wengi wakarudishwa nyuma kupumzika. Januari 1945, barua ya babu yako inatokea tena. Tarehe zinafungamana kiasi kwamba mimi ningemwambia shangazi bila kusita: hakuwasahau, alikuwa Kabaw. Ukweli mwingine unaoweza kuwepo ni kwamba aliandika na barua zikapotea, au alilazwa hospitali sehemu ya muda huo. Yote hayo hayafanani na kusahau.

Za mwisho, za kati ya Agosti 1945 na Februari 1946, zisome ukijua kwamba vita vilikwisha na meli za kuwarudisha hazikutosha. Hasira ikionekana humo ina haki yake.

Hela ni jambo gumu zaidi, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Askari aliruhusiwa kukata sehemu ya mshahara wake iende nyumbani kila mwezi, akimtaja mtu mmoja wa kuipokea boma. Wengi walimtaja baba au kaka. Sababu zilikuwa nyingi na hazina uhusiano na kumwamini mke: mke kijana alikuwa anaishi kwa wakwe, safari ya boma ilikuwa ya miguu, na mbele ya karani wa boma mzee wa kiume alisikilizwa upesi kuliko binti wa miaka ishirini mwenye mtoto mgongoni. Pia mwanamume aliyeoa bila kumaliza mahari alikuwa na deni ambalo baba ndiye aliyelisimamia. Kwa hiyo ile sentensi peke yake haimshtaki bibi.

Ila upande wa pili ni huu: ripoti za wakaguzi na majalada ya maboma yamejaa malalamiko ya askari kwamba hela imeliwa na aliyeipokea, mke hana nguo, ng'ombe walionunuliwa hawaonekani. Sijui kwenu ilikuwaje, na wewe hujui. Unachoweza kufanya ni kusoma barua zote 14 kwa mfululizo ukifuata jambo hilo moja tu. Je, anauliza "mama yao amepata?" mara ya pili, ya tatu? Je, katikati anabadilisha mpokeaji? Ukikuta hivyo, una habari nzito juu ya baba wa babu yako, na nakuomba usiisome kwa sauti kwenye kikao cha ukoo. Barua haiwezi kuhojiwa, na karibu wote wanaotajwa humo wamekufa. Kama ugomvi wenyewe ni wa shamba au urithi, nenda kwa mwanasheria. Karatasi hizi zisibebeshwe mzigo huo.

Umeuliza thamani. Kwa historia ya nchi, ni kubwa: tunayo majalada mengi yaliyoandikwa na maofisa juu ya askari, na machache sana ambayo askari mwenyewe anaongea. Kwa fedha, wapo wanaokusanya bahasha zenye mihuri ya posta za jeshi na watakupa hela kwa bahasha huku karatasi ya ndani wakikuachia. Usitenganishe. Na akija mtu kukuambia barua hizi zitakupatia fidia kutoka Uingereza, atangulize ada kidogo ya kufuatilia, mwonyeshe mlango.

Ukitaka kujua zaidi juu ya 36 K.A.R., shajara za vita za vikosi vilivyopigana upande huo wa Asia ziko katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kwenye fungu la WO 172. Ziliandikwa na maofisa, siku kwa siku. Babu yako hutamkuta kwa jina, lakini utakuta mvua iliyomnyeshea. Kwa upande wa nyumbani, Nyaraka za Taifa zetu Dar es Salaam zina majalada ya wilaya, na humo ndimo barua za malalamiko zilipoishia. Nenda na namba yake ya jeshi, jina la jumbe wa wakati huo na jina la kijiji kama lilivyoitwa zamani. Kama yule karani wa herufi zilizolala aliacha jina lake pembeni mwa barua, wengi walijiandika "mimi mwandishi nakusalimu", basi mtafute katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua bila malipo.

Nirudi kwenye kuzitunza. Karatasi ya wakati wa vita ilikuwa duni, ya mti uliosagwa, na ina tindikali ndani yake inayoifanya iwe ya njano na kukatika. Laminesheni inaipasha moto, inaigandisha kwenye plastiki kwa gundi, na kuifungia humo pamoja na tindikali yake. Baada ya hapo hakuna fundi atakayeweza kuitoa. Selotepu ni hivyohivyo, ila yenyewe inaua polepole.

Kuna hatari nyingine nataka uijue kabla hujashika kitambaa. Umeona kwenye barua ya tatu maandishi ni ya kijivu kama penseli, lakini kuna alama mbili za zambarau, moja karibu na kona? Hiyo si penseli ya kawaida. Ni penseli iliyochanganywa na rangi, ambayo ikilowa hugeuka wino. Askari waliipenda kwa sababu haifutiki na haihitaji kidau cha wino. Ile zambarau ni mahali ilipodondokewa na maji, jasho au tone lolote la huko. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa barua ya Keya yenye tope kidogo, nikaifuta kwa pamba yenye unyevu, unyevu tu, kwa nia njema. Mstari mzima uliyeyuka mbele ya macho yangu ukawa ua la zambarau. Ulikuwa mstari wa majina. Mwenye barua alikuwa amesimama nyuma yangu.

Basi maji yasikaribie. Nawa mikono, kausha vizuri, fungua kila barua juu ya meza safi. Iliyokataa kufunguka usiilazimishe. Piga picha pande zote mbili, na bahasha pande zote mbili, karibu na dirisha ambapo mwanga unaingia ubavuni bila jua kali. Mwanga wa ubavu ndio unaoonyesha mikwaruzo ya penseli iliyofifia. Ipe kila barua namba kwa penseli laini ya kawaida, nyuma, kwenye kona. Weka barua na bahasha yake pamoja. Lile kopo limezilinda na mchwa na panya miaka yote hiyo, tulishukuru, lakini likipata kutu liache libaki kumbukumbu. Barua zihamie kwenye boksi la karatasi ngumu, ndani ya chumba mnachokaa watu, mbali na sakafu na mbali na dari lenye bati.

Ukiona vumbi la kijani au jeusi lenye harufu ya uvundo, huo ni ukungu: vaa barakoa, usipulize, usianike juani, funga peke yake ndani ya bahasha ya karatasi. Hizo, pamoja na zilizogandana na zile zinazokatika kwenye mikunjo, zipeleke kwa mkono kwa mafundi wa uhifadhi wa Nyaraka za Taifa, uwaulize kabla hawajagusa watafanya nini, na usiziache bila kuandikiana. Si lazima uwape kabisa. Unaweza kuomba wazipige picha na urudi nazo nyumbani.

Limebaki la shangazi. Ana zaidi ya miaka themanini, na wewe una karatasi inayosema mdogo wake alifariki mwaka ambao yeye alikuwa na miaka mitatu au minne. Huenda anajua. Huenda ni jina ambalo halijatajwa nyumbani tangu hapo. Nenda peke yako, asubuhi akiwa na nguvu, weka simu irekodi kama ataridhia. Anza na barua ya tatu, umsomee orodha ya salamu mpaka afike yeye mwenyewe, "binti yangu". Msubiri hapo kadiri atakavyotaka. Ya sita usiitoe mfukoni mpaka atakapokuuliza.